Nimeenda Alaska Kutazama Dhahabu, Nikauziwa Tanzanite

Mimi si mtu wa kulalamika. Mama Neema anasema kila ninapotaka kulalamika naanza na maneno hayo hayo, lakini safari hii nina haki. Nani amewahi kulipa hela nyingi ili apelekwe kwenye mji ambao sifa yake kubwa ni kwamba watu walifika pale wakamalizwa hela? Mimi nimelipa. Na nikasema asante.

Mji wenyewe ni Skagway, uko Alaska, mwisho kabisa wa mkono wa bahari uliobanwa na milima ambayo mwezi wa saba bado ina theluji. Sisi tunaishi upande wa Seattle, na meli za matembezi za kwenda huko zinaondokea hapo hapo kwetu. Basi wenzake kazini wakamwambia Mama Neema kwamba Alaska ni "hapo tu". Hapo tu! Unalala baharini, unaamka baharini, unalala tena baharini, bado hujafika hapo tu.

Kwenye meli chakula ni bure. Ndivyo walivyotuambia. Kweli, pilau ya ajabu ajabu isiyo na hata chembe ya jira ni bure, kula mpaka ushindwe. Soda si bure. Intaneti si bure. Picha uliyopigwa kwa kushtukizwa wakati unapanda, jicho moja limefumba na begi linakuvuta shingo, inatundikwa ukutani abiria wote waione, na ukitaka itoke pale uinunue. Bakshishi inakatwa kila siku kwa kila kichwa, hata kichwa kilichoshinda chooni kinatapika. Wala hakuna anayekuomba hela. Unatoa kadi, inalia ti, unaambiwa uwe na siku njema. Marehemu baba alikuwa akisema muogope mfanyabiashara asiyekutajia bei. Hakuwahi kupanda meli, lakini aliijua.

Asubuhi ya Skagway tukaamka meli imeshafungwa gatini, pembeni yetu kuna ukuta mkubwa wa mwamba umechorwa rangi kutoka chini mpaka juu. Majina ya meli, majina ya manahodha, miaka. Kwetu ukiandika "Juma alikuwepo" kwenye ukuta wa shule unachapwa na unaupaka chokaa mwenyewe. Huku Juma akiwa na nyota mabegani watu wanapanga foleni kupiga picha na maandishi yake.

Wakazi wa mji huo hawazidi sana 1,200. Siku meli zikijaa gatini, wageni wanaoshuka wanaweza kupita 10,000. Ukigawa, kila mwenyeji anapata wageni wanane. Nilimtafuta mwenyeji wangu nimwambie upepo unaniua, sikumpata. Na upepo wa pale haupigi, unapekua. Ulinipekua mpaka mfuko wa ndani.

Aliyetutembeza ni binti mmoja aliyevaa gauni refu la kizamani na kofia yenye manyoya. Akaanza hadithi, na hapo ndipo nikasahau baridi, maana ilikuwa hadithi ya mashemeji.

Agosti 1896, ng'ambo ya milima, upande wa Kanada, dhahabu ilionekana kwenye kijito kimoja cha eneo la Klondike. Waliokuwepo ni mwenyeji wa kule aitwaye Keish, ambaye wazungu walimwita Skookum Jim, na jamaa yake Dawson Charlie, pamoja na Mmarekani George Carmack, aliyekuwa anaishi na Kate, dada yake Keish. Sasa kwenye ofisi ya madini nani kaandikishwa kuwa mgunduzi? Shemeji Carmack. Wenyewe waliona mwenyeji akienda kuandikisha huenda wasimkubali, basi jina likawekwa la shemeji. Nikamtazama Mama Neema. Akatazama mlima. Ana kaka yake Arusha, mtamsikia baadaye.

Habari ikafika Seattle Julai 17, 1897, meli iitwayo Portland ilipotia nanga na abiria waliobeba dhahabu kwenye masanduku na mablanketi. Magazeti yakatangaza tani nzima ya dhahabu. Mji ukapasuka. Watu waliacha kazi, hata meya wa Seattle alijiuzulu akaifuata dhahabu. Wachimbaji wetu wa kule Geita hali hiyo wanaiita rashi: leo kuna pori, kesho kuna mahema, keshokutwa kuna mama ntilie na mtu anauza maji kwa bei ya soda. Inasemekana watu kama 100,000 walianza safari, na wengi walishukia hapo Skagway au Dyea, jirani yake.

Sasa polisi wa Kanada wakasimama juu mlimani mpakani, wakasema huingii mpaka uwe na chakula cha mwaka mzima. Ukijumlisha na sepetu, hema na majiko, mzigo ulikaribia tani moja kwa mtu. Orodha moja ya wakati ule ina unga wa ngano peke yake karibu kilo 180! Hakuna gari wala barabara. Unabeba mgongoni, unapanda, unashusha, unarudi kuchukua mwingine, safari thelathini au arobaini kwa njia ile ile, kwenye ngazi zilizochongwa katika barafu. Mwenye uwezo aliwakodi wenyeji, Watlingit, wawe wapagazi wake, na wapagazi nao wakaijua dunia: kadiri wageni walivyoongezeka, bei ikapanda. Hao ndio watu pekee katika hadithi nzima niliotamani kuwapa mkono.

Wengine wakajaribu na farasi kupitia White Pass, njia nyingine ya kuvukia milima. Farasi na nyumbu kama 3,000 walifia njiani, mpaka njia ikaitwa ya Farasi Waliokufa. Binti alipofika hapo mzee mmoja mbele yangu akatoa karanga akaanza kutafuna. Watu wana roho ngumu.

Lakini niwaambieni kuhusu bwana mmoja, Jefferson Smith, maarufu kwa jina la Soapy, yaani wa sabuni, kwa sababu kabla ya hapo alikuwa anauza vipande vya sabuni akidai ndani ya karatasi kuna noti. Noti zilikuwepo, ila waliozipata ni vijana wake waliojifanya wateja. Alipofika Skagway akafungua ofisi ya telegrafu. Unalipa dola 5, unamwandikia mkeo kwamba umefika salama. Baada ya muda jibu linakuja, na mara nyingi jibu lenyewe ni kwamba nyumbani kuna shida, tuma hela. Ukitaka kuzituma, ofisi iko wazi. Waya wa telegrafu ulifika Skagway mwaka 1901.

Rudia tena kusoma hapo.

Miaka yote hii nikipata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii, jina litatokea..." nadhani ni ubunifu wa vijana wetu wa mjini. Kumbe ni urithi! Soapy alipigwa risasi gatini usiku wa Julai 8, 1898, katika mapambano na Frank Reid, ambaye naye alijeruhiwa akafa siku 12 baadaye. Leo baa ya huyo tapeli inatunzwa na Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, wamekarabati mpaka vitasa. Tapeli wetu akifa tunanong'ona "Mungu kasikia". Wao wamemfanyia makumbusho, na mimi nikapanga foleni kumsalimia.

Yupo pia Kapteni William Moore, mzee aliyefika pale 1887, miaka kumi kabla ya wote, akapima eneo lake, akajenga kibanda na gati, akasubiri akijua dhahabu itakuja. Ikaja. Waliokuja nayo wakampuuza, wakapima mji mzima juu ya eneo lake, mtaa ukapita kwenye nyumba yake. Na aliyechora viwanja? Huyo huyo Frank Reid wa risasi. Mzee alikwenda mahakamani akasota miaka ndipo akapewa sehemu ya thamani ya viwanja. Mtu yeyote aliyewahi kununua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam akakuta wenzake wawili nao wana karatasi za kiwanja hicho, akifika Skagway amwekee mzee Moore ua.

Treni tulipanda. Reli ya White Pass ilianza kujengwa 1898 ikakamilika Julai 1900, wakati rashi yenyewe imeshahamia kwingine. Kichwa kinapanda karibu mita 900 katika mwendo wa kilomita kama 32, pembeni ni bonde, na chini unaiona ile njia ya miguu bado imekwaruza mwamba. Hapo nilinyamaza, kwa kweli. Nilinyamaza mpaka abiria wote wakahamia upande wa bonde na simu zao, nikabaki upande wangu peke yangu nikijaribu kuisawazisha treni. Tukafika kileleni, bendera zinapepea, vichwa vya treni vikahamishiwa upande wa pili, tukageuzwa viti, tukateremka. Nimewahi kupanda TAZARA ikachelewa mpaka nikasahau nilikuwa naenda kufanya nini, lakini angalau ilikuwa inaenda mahali.

Njiani nikafanya hesabu zangu. Kati ya hao 100,000, waliofika Dawson, mji wa wachimbaji kule Klondike, ni kama 30,000 au 40,000, na walioipata dhahabu yoyote ni kama 4,000. Lakini aliyeuza unga alipata. Aliyeuza sepetu, mwenye gati, mwenye baa, wote walipata. Hata lile danguro la ghorofani ambalo sasa ni mgahawa na makumbusho, walikuwa wanapanga wanasesere nyuma ya kaunta, kila mmoja na msichana wake. Mwanasesere akilazwa, ujue msichana ana mteja. Mhasibu wetu kazini hana mfumo mzuri kuliko huo. Mama Neema akaniuliza mbona hapo tu ndipo ninapouliza maswali.

Basi tukaingia Broadway, mtaa mkuu. Njia ya miguu ni mbao, majengo ni ya kizamani, moja limebandikwa vipande vya magogo ya baharini zaidi ya 8,800 usoni. Mtu alikaa akapigilia kimoja kimoja, baridi ile. Na jirani yake duka la vito. Pembeni duka la vito. Ng'ambo duka la vito. Mama Neema alikuwa na kuponi ya bangili ya bure kutoka melini. Bangili ni bure, ila kila bandari kuna kikidani chake cha kuning'iniza, na kikidani kiko mwisho kabisa wa duka, baada ya makabati yote.

Kijana wa duka akanikamata kati ya kabati la tatu na la nne. Akatoa pete kwenye kitambaa cheusi, akaiweka chini ya taa, akaizungusha taratibu. Buluu. Akaigeuza ubavu, zambarau.

"Bwana, unalifahamu jiwe hili?"

Nikamwambia nalifahamu.

Hakunisikia. Akaniambia ni adimu kuliko almasi, linapatikana sehemu moja tu duniani, karibu na mlima unaoitwa Kilima... njaro. Akaniambia liligunduliwa 1967, na likiisha ndiyo basi, hakuna jingine. Akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za Afrika.

Jamani. Mererani, linakochimbwa jiwe hilo, tumezungushia ukuta wa zaidi ya kilomita 24. Mwanaapolo, yaani mchimbaji, akitoka shimoni anapekuliwa mpaka kwenye soksi. Mwaka 2020 mzee Laizer alipopata yale mawe mawili, moja la kilo 9 na ushee, nchi nzima tulisimama kupiga makofi, rais akampigia simu. Ukuta wote ule, na jiwe limenitangulia Alaska, linanisubiri kwenye kiyoyozi, lina bei ambayo nikiitaja hapa mtadhani ni namba ya simu.

"Sisi tumetoka huko," Mama Neema akasema kwa utulivu, akatoa simu, akampigia kaka yake kwa video.

Skagway ilikuwa saa sita mchana, Arusha saa tano usiku. Shemeji ni broka wa mawe, ana leseni, hajalala. "Shemeji, shikamoo, niwekee taa ya pembeni. Mwambie aligeuze. Tena. Rangi imekaa upande mmoja, limekatwa na mtu mwenye haraka. Bei gani?" Nikamtajia. Kimya. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe alikuwa ameenda kuwaamsha wenzake.

Meneja akatoka nyuma. Shemeji akamwomba, kupitia mimi, wafanye kazi kwa mali kauli: yeye alete, wao wauze, hela baadaye. Mimi natafsiri, meneja anatikisa kichwa, shemeji anashusha, meneja anaandika kwenye kikaratasi, Mama Neema keshavaa kikidani chake yuko mlangoni ananionyesha saa, honi ya meli inalia gatini. Nikampa meneja namba ya shemeji, nikatimua mbio, upepo kifuani.

Juzi nimepata ujumbe. Meneja kasema sampuli zitumwe. Kilichobaki ni gharama za kibali na usafirishaji, shemeji anaomba nimtangulizie kidogo, mzigo ukifika Alaska tutagawana. Ile laini yake ya zamani ina tatizo, kwa hiyo hela nitume kwenye namba hii, jina litatokea la jirani yake.