Samaki anayepona ubongo

Bibi yangu aliuza dagaa mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, tangu mama yangu hajaolewa. Asubuhi moja aliijaza sado, akaimwaga, akaijaza tena, mteja kasimama anasubiri. Kisha akanigeukia mimi, mjukuu aliyemlea mwenyewe: "Wewe mtoto, ni wa nani?"

Majirani walinong'ona kwamba karogwa. Wengine wakasema uzee tu huo. Miaka ikapita ndipo daktari akatutajia Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu.

Kwa hiyo nikisikia watu wanacheka kwamba wataalamu wanapoteza hela kuchunguza ugonjwa huu kwa visamaki, inaniuma. Samaki mwenyewe anaitwa samaki-pundamilia. Asili yake ni mito na majaruba ya India na Bangladesh, ana mistari ya buluu, na hazidi dagaa wetu kwa ukubwa. Kiinitete chake hukua nje ya mwili wa mama, angavu kama kioo. Ukikiweka chini ya hadubini, siku ya pili tu unauona moyo unadunda. Ramani ya jeni zake, iliyochapishwa mwaka 2013, ilionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina wenzao kwake. Zimo hata zile ambazo kwetu zikiharibika huleta Alzheimer ya kurithi.

Wanaopinga husema samaki huyu haugui Alzheimer mpaka afanywe augue maabara, na kwamba ubongo wa panya unaukaribia zaidi wetu. Ni kweli, wala sitabishana nao.

Lakini mwaka 2016 watafiti wa Dresden, Ujerumani, waliwadunga samaki wazima amiloidi, ile protini inayoganda katikati ya seli za ubongo wa mgonjwa. Neva zikafa, kumbe seli shina za ubongo, yaani zile zinazoweza kuzaa seli nyingine, nazo zikaamka, zikaongezeka na kuzaa neva mpya. Ubongo wa mtu mzima hauwezi kujijenga hivyo. Tumezoea kumtafuta mnyama anayeugua kama sisi. Mimi naona tumkazie macho huyu anayepona, tujue seli zake zinaamshwa na nini.

Bibi alifariki jina langu limeshampotea. Mikono yake haikusahau. Ukimwekea ungo wa dagaa mapajani, aliwachambua mchanga na vijiti, taratibu, mpaka ungo unabaki safi.