Fidia ambayo Wameru waliikataa

Nikisikia mtu akisema "si walilipwa fidia, wanalalamika nini tena?", nawakumbuka Wameru wa Engare Nanyuki.

Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka kwenye ardhi yao kando ya Mlima Meru. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa. Tume ya Jaji Mark Wilson ilikuwa imependekeza eneo lile kati ya Meru na Kilimanjaro liwe la walowezi wa Kizungu watupu, wafugie ng'ombe. Wenyeji wakaambiwa wahamie Kingori, na wakatengewa fidia.

Wakaikataa. Wala hawakuwa wakivutana ili iongezwe. Walijua kwamba ukishapokea, umeuza, na wao hawakuwa wameuza kitu.

Tazama na hesabu yenyewe. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilishatangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya Gavana. Kwa hesabu hiyo mkulima hana cha kulipwa ila alichojenga na alichopanda. Mthamini anapita na daftari: nyumba, migomba, zizi. Udongo wenyewe, sifuri. Sasa lile sale, mmea wa kuwekea mpaka, alilopanda babu, ambalo hata majirani waliogombana wanaliheshimu, unaliandika safu gani? Na kaburi la mama je?

Wakachangishana. Mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akafika New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, yaani Uingereza iliitawala chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa, kwa hiyo wananchi wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa. Kirilo akawa Mtanganyika wa kwanza kufika mwenyewe mbele ya Baraza la Udhamini, ambalo Uingereza ilikuwa mjumbe wake. Fikiria hilo: mtu kutoka mlimani, anaishtaki serikali ya Uingereza mbele ya Uingereza yenyewe. Baraza likaeleza masikitiko yake. Ardhi haikurudishwa.

Wapo wanaosema safari ile ilikuwa bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Aliporudi alizunguka akiwaeleza watu yaliyompata, na wengi wakaelewa kwamba serikali inaweza kuulizwa. TANU, chama kilichopigania uhuru, ilizaliwa 1954.

Kinachoniuma ni jinsi ile hesabu ya "udongo sifuri" ilivyodumu. Tulipata uhuru 1961, lakini ilibidi tungoje Sheria ya Ardhi ya 1999 ndipo iandikwe wazi kwamba ardhi yenyewe ina thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Naishukuru sheria hiyo. Ila bado mwananchi anaulizwa kiasi cha fidia tu, baada ya uamuzi kupita. Mimi nataka mthamini akifika shambani akute mwenye shamba ameshaulizwa kama anakubali kuondoka, na jibu lake limeandikwa kwenye daftari kabla ya migomba kuhesabiwa.