Bendera ya mtunga muziki

Asubuhi ya tarehe 8 Desemba nilitoka kwenda kazini hapa Tampere, nikakuta bendera za Ufini zinapepea kila jengo. Nikadhani za sikukuu ya uhuru, tarehe 6, hazijashushwa. Jirani akanieleza: leo amezaliwa Jean Sibelius. Mtunga muziki! Nilibaki nimesimama kwenye theluji.

Sibelius alikwenda kumsikiliza Larin Paraske, mama wa kijijini asiyejua kusoma lakini aliyebeba mashairi ya kale kichwani. Aprili 1915 akaona bata-maji 16 wakizunguka angani, akawaandika katika shajara yake, kisha wakaingia ndani ya Simfoni ya Tano.

Na sisi? Nimekulia Nguba, mtaa wa Bukavu, Kongo, kando ya Ziwa Kivu. Jioni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, walitoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na kafi zinaingia majini pale pale wanapoitikia. Koko, mzee wetu wa nyumbani, alikuwa anazima redio ili tuwasikie mpaka wapotelee gizani. Shuleni nilifundishwa solfeji, yaani kusoma noti, na nyimbo za Kifaransa. Lulanga, ala ya Bashi, watu wa kwetu, zile nyuzi juu ya ubao uliochimbwa kama kihori, haikuwahi kuingia darasani hata siku moja.

Najua mtasema: huyu amefika Ulaya, amesahau foleni ya maji, sasa anatuletea mabata. Sijasahau, dada yangu ananipigia kila wiki. Mtasema wenzetu wana amani. Lakini Sibelius alianza kutunga Ufini ikiwa chini ya mfalme wa Urusi, na uhuru ukaja 1917. Hawakungoja mambo yatulie!

Mtasema pia rumba tunayo, UNESCO imeiandikisha 2021 kuwa urithi wa utamaduni. Naipenda na naicheza. Ila ziwa letu liko wapi ndani yake? Na msinitajie authenticité, siasa ya rais Mobutu ya kurudi kwenye utamaduni wetu, ile ilitufanya tumchezee mtu mmoja. Nitajieni Bosco Mwenda wa Katanga: gitaa moja, Kiswahili chetu, na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, akamrekodi mwaka 1952. Alianza na alichokuwa nacho mkononi.

Mpwa wangu amenirekodia wavuvi kwa simu. Dakika nne, upepo mwingi, lakini kafi zinasikika. Wewe kijana wa Kadutu, hapo Bukavu, mwenye gitaa, niandikie, nikutumie leo hii.