Sikunywa Sumu, Nilikuwa Namtibu Samaki

Jamani, najua ile voisi ya jamaa yangu imeshafika kwenye magrupu yote, kwa hiyo ngoja niseme: sikunywa sumu kukwepa mahari. Nilikuwa namtibu samaki.

Sultani mnamjua, yule samaki wangu aina ya beta, wa mapezi marefu. Wiki iliyopita katoka vidoa vyeupe mwili mzima, utadhani kanyunyiziwa chumvi, akawa anajikuna kwenye mawe. Kosa langu: nilitia mimea mipya kwenye tangi bila kuitenga kwanza. Muuza samaki akanipa methilini buluu, dawa ya rangi kali kama wino, akasisitiza, matone tu, tena kwenye beseni la pembeni. Mimi nikamimina kizibo kizima humohumo. (Msinianze.)

Sasa vile vijidudu vinavyoleta vidoa vikikomaa hudondoka chini na kuzaliana hukohuko, lazima maji ya chini uyatoe. Jumamosi asubuhi, siku ya kupeleka mahari, suti imeshapigwa pasi, nikachukua mpira nikavuta kwa mdomo kama wanyonya petroli. Funda zima likapitiliza hadi tumboni.

Nikasugua ulimi kwa mswaki, kwa limau, kwa chumvi. Wapi!

Ukweni nikakaa nimebana midomo. Balaa likawa shikamoo. Jaribuni hapo mlipo kuitamka mdomo umefungwa. Nikatoa "mmh-mamoo." Bibi akakishusha kikombe. Akatafuta miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa. Akavuta kigoda, taratibu, mpaka magoti yetu yakagusana na harufu ya iliki ikanijaa puani. "Marahaba, mume wangu. Hebu sema aaa." Sebule kimya, feni tu inazunguka. Washenga wangu wanatazama zulia.

Nikasema aaa.

"Mama," katoto kakaropoka, "kala peni!"

Nikakimbilia chooni kujificha. Nikaona niko hapa nijisaidie kabisa. Ndugu zangu, kijani. Kijani cha mchicha! Ukelele nilioutoa ndio uliomfanya baba mkwe avunje mlango, na zipu yangu sitaki kuizungumzia.

Daktari alicheka, akasema ninywe maji, itatoka yenyewe. Mahari imesogezwa mwezi ujao, mlango uliovunjika umeongezwa kwenye orodha.

Sultani vidoa vimemtoka, ananitunishia mashavu kama hanijui. Bibi naye ananiita Wino.