Kutafakari Kati ya Hamburg na Kariakoo

Watanzania tunaoishi Hamburg tuna mazoea ya kusema kwamba Dar es Salaam hakuna nafasi ya kutafakari kwa sababu ya kelele, na kwamba ni huku Ujerumani, kwenye treni ambazo abiria hawasemezani, ndiko mtu anakopata kufikiri kwa kina. Mimi sikubaliani na hilo, na naona hata kitenzi chenyewe kiko upande wangu.

Kutafakari kumetoka katika Kiarabu, tafakkara, chenye mzizi ule ule wa f-k-r uliotupatia kufikiri na fikra. Ila umbo lake ni lile ambalo aghalabu humrudishia mtenda tendo lake, hivi kwamba anayetafakari huigeuza fikra nafsini mwake bila haraka. Waislamu wa Pwani wanakifahamu kutoka aya ya 191 ya Surat Aal Imran, inayowataja wanaomkumbuka Mungu wakiwa wamesimama, wameketi na wamelala ubavu, huku wakitafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Aya hiyo haidai chumba cha faragha.

Wajerumani wana nachdenken, yaani kufikiria jambo, lakini ninalolisikia zaidi kazini, watu wanapolalamikia kukosa usingizi, ni grübeln, neno lenye undugu na graben, yaani kuchimba: mtu hulichimba jambo lile lile peke yake mpaka kunakucha. Sisi hiyo hatuiiti tafakuri. Tunasema fulani ana mawazo, kutokana na kuwaza, kitenzi chetu cha Kibantu, na jirani akisikia hivyo huja kupiga hodi. Ukimya tunaousifu huku hulea mawazo ya namna hiyo, hasa mwezi wa Desemba, jua linapotua yapata saa kumi jioni.

Kariakoo, muuza kahawa huweka birika lake juu ya makaa na kugonganisha vikombe, na wazee kwenye benchi wakamega kashata. Mjomba wangu alipotaka kuuza kiwanja chake cha Mbagala, alilipeleka suala hilo pale. Mmoja akamuuliza watoto watajenga wapi, mwingine fedha zitakaa kwa nani, naye akawa anarudi kila jioni na jibu lililosogea kidogo. Ni kweli kwamba benchi hilo hilo hubishania Simba na Yanga bila chembe ya tafakuri, na kwa hilo siwatetei. Hatimaye mjomba aliuza nusu ya kiwanja. Suala langu la kurudi au kubaki nimelichimba huku peke yangu vya kutosha. Likizo ijayo nitalipeleka kwenye benchi hilo.