Maswali kumi na moja asiyoyafikia

Mwanangu ana umri wa miaka kumi na ana mtindio wa ubongo. Akishika kalamu, mkono hukakamaa. Mstari ambao mwenzake anaumaliza mara moja, yeye humchukua dakika nzima, na akifika mwisho vidole vinamuuma.

Jioni huenda chuoni, yaani madrasa ya Kurani, hapa hapa mtaani kwetu Kisauni, Mombasa. Ustadhi humketisha mkekani na kumwambia, "Haya, soma." Naye husoma sura ndefu, kwa moyo, bila kukwama. Ustadhi humsikiliza, humsahihisha pale ulimi unapoteleza, basi. Pale mkekani mwanangu ni miongoni mwa wanafunzi bora, kwa sababu anapimwa kwa kile anachokijua.

Muhula uliopita alileta karatasi ya hesabu: kumi na tisa kwa thelathini. Niliketi nayo usiku, swali baada ya swali. Yale kumi na tisa aliyoyajibu yote yalikuwa sahihi. Kumi na moja yaliyobaki yalikuwa meupe. Hakuyafikia, muda ulikwisha.

Nikaenda shuleni na karatasi yangu. Mwalimu alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia ubaya, lakini maneno yake yalinikata maini. "Mama, huyu ni mwerevu, tena anapita. Kuna watoto hapa hata kusoma hawajui. Na nikimwongezea yeye muda, wenzake watasemaje?"

Hapo ndipo ninapopinga kwa nguvu zangu zote. Angekuwa anaanguka, angeonewa huruma na kuambiwa apelekwe shule maalum. Kwa kuwa anapita, anaambiwa hana haja ya msaada. Huyu wa katikati, mwenye akili kali na mkono usiotii, hana pa kusimama. Shule maalum tunazo Mombasa, ya Port Reitz kwa wenye ulemavu wa viungo na ya wasioona kule Likoni, na ninaziheshimu. Lakini mwanangu anayaweza masomo ya darasa lake. Kinachomshinda ni kuyaandika kwa kasi ya wengine.

Na wenzake? Wenzake ndio wanaombebea mkoba akipanda ngazi. Wanajua kila kitu kabla yetu sisi wakubwa.

Tulichoomba ni muda wa ziada, ajibu baadhi ya maswali kwa mdomo, apewe nakala ya yanayoandikwa ubaoni, na darasa lao, lililo orofani, literemshwe chini. Sioni hapo kitu cha kuifilisi shule. Wala si fadhila. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule zilizochangamana na jamii. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2003, ambayo sasa imerithiwa na ile ya 2025, ilizitaka shule zizingatie mahitaji yao hata kwenye mitihani na ratiba. Baraza la Mitihani, KNEC, huwapa watahiniwa kama yeye muda wa ziada. Sasa mtoto aliyenyimwa muda huo miaka yote darasani, atajifunza lini kuutumia?

Mzazi mwenzangu, usiende mikono mitupu kama nilivyokwenda mara ya kwanza. Mpeleke mtoto kwanza kituo cha EARC, wanakotathmini mahitaji ya mwanafunzi, urudi na ripoti. Kisha andika barua, utaje unachoomba kimoja kimoja, upige nakala na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa. Maneno ya mdomo husahaulika mwalimu akihamishwa. Na zihifadhi karatasi za mitihani, hasa zile zenye nafasi tupu.

Barua yangu ilipokelewa wiki mbili zilizopita. Darasa bado liko orofani. Lakini Jumatano mwalimu wa sayansi alimwita kando wakati wa mapumziko, akamuuliza kwa mdomo maswali aliyokuwa hajayafikia. Alirudi nyumbani akinisimulia kila swali na kila jibu, hata chakula kikapoa.