Mwamba tunao Masasi, kaskazini tufuate barafu

Mwenzangu amepanga safari ya siku 10 huko kaskazini kabisa mwa Ulaya: siku tano za kupanda miamba Lofoten, Norway, na tano za kupanda barafu, yaani maporomoko ya maji yaliyoganda, kwa mashoka na kamba. Aliniletea karatasi yake tukiwa kibarazani Shangani, Mtwara, jasho linatutoka sote wawili, nami nikaikataa nusu papo hapo. Kibarazani hakunipa nafasi ya kujieleza, basi najieleza hapa.

Lofoten inavutia, sibishi. Milima imechomoza moja kwa moja kutoka baharini, na mmoja ulio juu ya mji wa Svolvær unaitwa Svolværgeita, yaani mbuzi wa Svolvær, kwa sababu ya pembe zake mbili za mawe. Ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1910, na hadi leo wapo wanaofika pembe moja wakarukia ya pili, makaburi ya mji yakiwa chini yao. Mwenzangu anaitaka picha hiyo. Lakini mwamba ule ni wa kiangazi cha kule, Juni hadi Agosti. Barafu ni ya majira ya baridi. Ukitaka vyote kwa tiketi moja unaangukia katikati: mwamba una theluji, barafu inadondoka matone.

Tena mtu wa pwani angelinusa hili mapema. Lofoten iko kaskazini ya mstari wa Aktiki, lakini bahari yake haigandi, kwa kuwa mkondo wa maji ya uvuguvugu unapanda kutoka Atlantiki. Wavuvi wa kule huvua katikati ya baridi, wakamtundika samaki nje kwenye chanja, bila hata chembe ya chumvi, akakauka kwa upepo hadi akawa mgumu kama gogo. Ng'onda wetu anahitaji jua. Wa kwao anahitaji hewa inayochezea karibu na nyuzi 0. Hewa hiyohiyo ndiyo inayoharibu barafu ya kupandia: leo imeshika, kesho inavuja.

Kwa barafu ya uhakika, ingia bara. Mimi nasema Abisko, kaskazini mwa Uswidi, nyuma ya milima inayozuia mvua za Atlantiki. Treni inakufikisha, kwenye reli ileile inayoshusha madini ya chuma ya Kiruna hadi bandari ya Narvik tangu mwanzoni mwa karne ya 20. (Yetu ya karanga, Mtwara hadi Nachingwea, iling'olewa zamani. Ninyamaze.)

Mwezi? Machi. Wengi wangesema Desemba, baridi ikikolea, ila Desemba kule jua halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa. Karibu na tarehe 20 Machi mchana na usiku hulingana, kwa hiyo Abisko utapata mwanga wa saa 12 hivi kama uko Mtwara. Na baridi kali haina faida. Barafu ya nyuzi -20 ukiipiga shoka inabanduka vipande kama sahani. Ya nyuzi -5 inalipokea shoka, likakaa.

Shangazi ananicheka kwamba Newala tu, mwezi wa saba, navaa masweta mawili. Kweli. Ila kinachonitisha ni vidole. Ukipanda umeinua mikono juu ya kichwa, damu inavikimbia. Ikirudi, wapandaji wanasimulia maumivu ya kutapisha. Kwa hiyo glovu jozi tatu, shoka lisibanwe kama unakabana na mwizi, na mikono ishushwe kila mara. Nguo za pamba zibaki nyumbani, maana zikilowa jasho hazikauki. Zivaliwe za sufu.

Kuna aliyeniuliza kwa nini nisiende Kilimanjaro. Barafu yake iko zaidi ya mita 5,000, na sehemu kubwa ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imeshatoweka. Si darasa la mwanafunzi.

Pesa zetu zinakuja baada ya minada ya korosho, Novemba au Desemba, na hapo ratiba inaingia vizuri: viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya, huombwa mapema hadi miezi sita, mwisho siku 15 kabla ya safari. Inadai bima isiyopungua yuro 30,000. Isome hiyo bima! Ya msafiri wa kawaida mara nyingi inaacha nje upandaji wa kamba. Mimi fedha ningeitia hapo na kwa kiongozi wa milima. Buti, mashoka na zile kucha za chuma za kufunga chini ya buti, njumu zilizoota meno, tutakodi.

Na mwamba tunao Masasi. Vile vilima vya mawe vimesimama peke yake juu ya tambarare, mawe magumu yaliyobaki baada ya kila kilicho laini kuzoleka. Twende kiangazi, tuombe ruhusa kwa wenyeji, kamba ifungwe juu, na nyufa zichunguzwe nyuki kabla hujatia mkono. Fundo la kamba, kumwamini aliyekushikia, kusimama kwa ncha za vidole vya miguu: yote hayo yanafundishika pale kwa nauli ya basi.

Karatasi mpya nimeshaandika: siku saba Abisko, Lofoten hakuna. Imerudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu: "Siku moja tu, nikamwone mbuzi." Nimemjibu kwamba Machi mbuzi kajifunika theluji. Tangu juzi kimya.